Mgonjwa akisema "mwili wote", tumpe kalamu achore

Kazi ya kutafuta panapouma niliianza nikiwa na miaka 7, tena kwa nyayo. Mwezi wa tatu, mama akitoka kulima ngoro, alitandika mkeka barazani, akalala kifudifudi na kuniita nipande mgongoni. "Hapo. Shuka kidogo. Siyo hapo, kulia. Hapo hapo, tulia." Niliegemea ukuta kwa mkono mmoja nisianguke. Kwa visigino vyangu nilijua kwamba mgongo wa mama una sehemu ngumu kama ubao, sehemu anayofurahia kukanyagwa, na sehemu moja juu kidogo ya nyonga ya kulia ambayo nikiigusa tu pumzi yake inakatika. Nilipozidi uzito, kazi ilihamia kwa mdogo wangu, nami nikabaki pembeni kumwelekeza: si hapo, shuka.

Leo ni mtaalamu wa fiziotherapia. Nilisomea KCMC, Moshi, nikarudi kwetu, na kwa miaka 14 nimepokea watu wanaoshuka kutoka milima ya Umatengo na wanaopanda kutoka ufukweni mwa Ziwa Nyasa, kuanzia Mbamba Bay na Liuli hadi Lituhi. Karibu kila siku nafungua daftari la mgonjwa, lile la shule analolibeba mwenyewe kutoka zahanati moja hadi nyingine, na nakuta maneno yaleyale: maumivu ya mwili. Chini yake, diklofenaki. Ukurasa unaofuata, baada ya mwezi: maumivu ya mwili, diklofenaki. Nimewahi kushika daftari lenye kurasa 9 za namna hiyo za mama mmoja, na katika kurasa zote hizo hakuna aliyeandika ni wapi panapouma.

Ninachokiomba kupitia gazeti hili ni kitu kidogo. Kila anayekuja na maumivu achorewe mwili, mbele na nyuma, ndani ya daftari lake. Apewe kalamu atie kivuli panapouma. Kisha anayemhudumia ambonyeze kwa kidole gumba, sehemu moja baada ya nyingine, hata zile ambazo mgonjwa hakuzitaja, na aandike alichokikuta. Kazi hiyo huchukua dakika chache, na kalamu ipo.

Lugha yetu yenyewe inalihitaji jambo hili. Mswahili akisema "mguu unauma" amesema kitu kinachoanzia nyongani na kuishia kwenye ncha ya kidole cha mwisho. "Mkono" ni hivyohivyo, kuanzia bega hadi kucha. Si kwamba maneno hatuna: tuna paja, goti, muundi, kigimbi, kifundo, kisigino, unyayo. Tatizo ni kwamba mgonjwa aliyekaa kwenye benchi tangu saa 1 asubuhi, akisikia wenzake wanakohoa nyuma yake, hutoa neno kubwa ili amalize haraka, na mwenye kalamu huliandika lilivyo. Niliwahi kumpokea kijana mvuvi ambaye daftari lake lilisema "maumivu ya moyo", na familia ilikuwa imeshaanza kuchangishana nauli ya kumpeleka hospitali ya mbali. Nilipompa mchoro alitia kivuli kwenye chembe cha moyo, pale chini ya mfupa wa kifua ambapo mbavu zinaachana. Nilipombonyeza hapo aliruka. Alikuwa amemeza vidonge vya maumivu ya kiuno kwa wiki kadhaa, mara nyingi bila kula, na tumbo lilikuwa limechubuka. Moyo wake ulichunguzwa, ukakutwa mzima.

Lakini kubonyeza nako kuna adabu yake. Mzee anapokuja naanza kwa shikamoo, naketi upande wake, kisha namwambia: "Babu, nitakubonyeza polepole. Mwanzoni utasikia nabonyeza tu. Ikifika mahali kubonyeza kumegeuka kuwa maumivu, niambie 'sasa', nami naacha papo hapo." Siku ya kwanza karibu kila mwanaume hasemi kitu. Ukucha wangu unageuka mweupe, naona taya lake limekaza, mguu wake mwingine umejikunja, naye kimya.

"Inauma, babu?"

"Inauma, mwanangu. Lakini navumilia."

Hapo tumepima kitu kingine kabisa. Kuna kizingiti cha maumivu, yaani pale ambapo mguso unageuka kuwa uchungu, na kuna uvumilivu, yaani pale ambapo mtu hawezi tena kunyamaza. Kati ya viwili hivyo kuna mwendo mrefu, na watu wetu wamefundishwa tangu utotoni kujibu swali la pili hata wanapoulizwa la kwanza. Mvulana wa Kimatengo aliyejikata kwa nyengo huambiwa asilie. Mwanamke aliye kwenye uchungu wa kuzaa huambiwa asiwatie wenzake aibu. Naheshimu ujasiri huo, nimelelewa nao. Ila ndio uliomfanya mama yangu alime miaka 20 na ugonjwa wa nyonga ambao ungeweza kutulizwa mapema, na hilo linaniuma mpaka leo. Kwa hiyo naeleza mara mbili, mara tatu, mpaka mtu aelewe kwamba akisema "sasa" mapema hajashindwa chochote.

Vipo vifaa vya kufanyia kazi hii. Kimoja kinaitwa aljometa. Kina kichwa cha mpira chenye eneo la sentimita 1 ya mraba, springi ndani, na saa inayoonyesha umebonyeza kwa kilo ngapi. Unaongeza nguvu kwa mwendo uleule, mgonjwa akisema "sasa" unasoma namba. Hakuna zahanati ninayoifahamu huku kwetu yenye kifaa hicho, na sikusubiri kiletwe. Nilinunua mizani ndogo ya jikoni, nikaiweka mezani, nikaibonyeza kwa kidole gumba kila asubuhi hadi kidole kikajua chenyewe kilo 1 ni kiasi gani, kilo 2, kilo 4. Kwa kilo 4 hivi ukucha unakuwa mweupe. Mkulima wa kahawa wa Mbinga hawezi kumwachia karani wa chama cha ushirika, AMCOS, aikadirie buni yake kwa macho. Atasimama mbele ya mizani na kusoma namba mwenyewe. Nataka maumivu yake nayo yaheshimiwe hivyo.

Ukishazoesha kidole, unagundua kwamba mwili una mikoa, na kila mkoa una desturi yake. Kwa kawaida shingo na sehemu ya juu ya bega hulalamika mapema, wakati msuli ulio kando ya muundi hustahimili nguvu kubwa zaidi. Wanawake kwa wastani hufikia kizingiti mapema kuliko wanaume. Mwaka 2014 watafiti wa London, Flavia Mancini na Giandomenico Iannetti pamoja na wenzao, walichora ramani ya mwili mzima wakipima mtu anavyoweza kutambua kwa usahihi mahali anapochomwa. Ncha za vidole na paji la uso viliongoza. Kwa hiyo namba moja peke yake haisemi lolote. Kilo 2 begani si sawa na kilo 2 mguuni, na bega la mchuma kahawa si bega la mwalimu. Kinachosema ni ulinganisho wa mtu na nafsi yake mwenyewe: kulia na kushoto, juu na chini, leo na mwezi ujao.

Na kazi ya mtu nayo inachora. Ngoro ni kilimo cha sifa. Wamatengo walikiendeleza kwenye miteremko mikali kiasi kwamba mahali pengine udongo wote ungekwenda mtoni. Mwanaume anafyeka majani na kuyalaza kwa safu zinazokatana, halafu mwanamke anachimba udongo katikati na kuyafunika, shimo baada ya shimo, mlima mzima. Anayefanya hivyo ameinama huku miguu yake haiko sawa, mmoja juu ya mteremko na mwingine chini. Wanawake wengi wa ngoro niliowachora wana kivuli kiunoni upande mmoja, na mara nyingi ni upande wa mguu wanaoukunja. Hicho ndicho ambacho kisigino changu kilikigundua kwa mama kabla sijajua kusoma. Msimu wa kahawa ukifika kivuli kinahamia shingoni, na kwa wanaobeba magunia kuteremka kinahamia mbele ya goti. Milima yetu inakaribia meta 2,000, ziwa liko chini ya meta 500. Katikati ya hapo yote ni kuteremka, na goti huteseka zaidi kwenye kuteremka kuliko kupanda. Ufukweni nakuta ramani nyingine kabisa. Anayepiga kafi usiku kucha akifuata usipa, dagaa wa ziwa letu, ana bega moja lisiloguswa. Wake zao, wanaoanika usipa kwa kuinama tangu jua linapochomoza, wana viuno vinavyofanana sana na vya mama zangu wa milimani, ingawa hawajawahi kushika jembe la ngoro.

Mwaka 1986 jarida la Nature lilichapisha utafiti wa Maloiy na wenzake juu ya wanawake wa Kijaluo na Kikikuyu nchini Kenya wanaobeba mizigo. Waliwapima hewa ya oksijeni wanayotumia, wakakuta kwamba mwanamke aliyezoea anaweza kubeba kichwani mzigo wa hadi asilimia 20 ya uzito wake bila kutumia nguvu zaidi ya anapotembea mikono mitupu. Dunia ilishangaa, nami nikiwa mwanafunzi nilijivunia sana habari hiyo. Sasa nikiikumbuka nawaza shingo. Pumzi zilipimwa na jibu likawa zuri. Shingo inahitaji kipimo chake. Mama anayepanda kutoka kisimani na ndoo ya lita 20 juu ya ngata anaweza asiheme kabisa, na bado nikimgusa chini ya kisogo machozi yakamtoka.

Kuna ramani zilizotutangulia, na ningependa wenzangu wa afya waache kuzidharau. Mzee akivua shati nakuta chale: mistari midogo miwili miwili kwenye nyonga, mingine juu ya goti, mingine imezunguka bega. Mahali pengine kuna duara za kuumikwa. Aliyechanja alimuuliza mgonjwa "wapi?" na akaweka alama palepale. Siwaambii watu wakachanjwe, wembe mmoja ukipita kwa watu wengi ni hatari kubwa. Ila nikiona chale naziingiza kwenye mchoro wangu na kuuliza kila moja ni ya mwaka gani. Nimepata historia ya miaka 30 ya mgongo wa mtu kwa njia hiyo, historia ambayo daftari halikuwa nayo.

Nirudi kwa mama mwenye kurasa 9. Alikuja mwezi wa nane, mumewe akiwa amemleta kwa bodaboda, na mume ndiye aliyeanza kusema: "Dokta, huyu anaumwa kila mahali. Kila mahali! Hivi inawezekana?" Kwenye kituo kimoja alikuwa ameambiwa usoni kwamba anajifanya ili asilime. Nilimpa mchoro akauangalia kwa muda mrefu, kisha akatia kivuli karibu kote, mbele na nyuma, akaacha uso tu. Nilimbonyeza bega, akasema "sasa" kwa nguvu ndogo. Nikaenda kiwiko, nyonga, goti, ndogo vilevile. Nikabonyeza msuli kando ya muundi, mahali ambapo hakuna kazi iliyomchosha na ambapo watu wengi huniacha nibonyeze hadi kidole kichoke. "Sasa." Nikarudia baada ya nusu saa, nikichanganya mpangilio, yeye akiwa amefumba macho. Majibu yalirudi palepale. Nimeambiwa mara nyingi kwamba wagonjwa watadanganya. Mtu anayebuni hupata shida sana kurudia uongo wake sehemu 20 bila kuona.

Ramani kama hiyo ina maana yake katika tiba. Mishipa ya fahamu, uti wa mgongo na ubongo vikipokea maumivu kwa muda mrefu, huku mtu hapati usingizi, vinaweza kuanza kukuza kila taarifa, kama redio iliyofunguliwa sauti hadi mwisho. Hata mguso wa kawaida unafika ukiwa uchungu. Mwaka 1990 chama cha madaktari wa baridi yabisi cha Marekani kiliweka nukta 18 mwilini. Mwenye maumivu ya muda mrefu yaliyoenea, aliyeumia kwenye nukta 11 au zaidi kwa kubonyezwa kwa takriban kilo 4, alihesabiwa kuwa na faibromialjia. Mwaka 2010 waliacha kuhesabu nukta, wakaanza kuuliza sehemu 19 za mwili pamoja na usingizi, uchovu na kumbukumbu. Walichokibakiza ni ramani. Kwa mtu wa namna hii kurasa 9 za diklofenaki hazina msaada mkubwa, na zina madhara tumboni na kwenye figo. Yule mama tulianza kwa usingizi, tukaongeza kutembea kidogo kidogo kila siku, dawa nyingine ikatolewa na daktari, na kubwa kuliko yote, mumewe aliuona mchoro. Aliushika kwa mikono miwili. Hakurudia tena neno "inawezekana".

Kinyume chake, kivuli kikiwa kimoja na muundi ukiwa mtulivu, tatizo liko palepale na hapo ndipo pa kushughulikia. Na kuna bega ambalo halitoneshwi na kidole wala kwa kuinua mkono, na bado linauma. Hilo linaleta habari ya mahali pengine. Kibofu cha nyongo huweza kuumia begani kulia, moyo huweza kuumia mkono wa kushoto au taya. Mgonjwa huyo asikae kwangu hata dakika 10, apelekwe kwa daktari.

Sijasema bado juu ya mahali pasipouma, na hapo ndipo hofu yangu ilipo. Mzee mmoja wa ufukweni aliletwa kwa sababu ya goti. Nilipokuwa nambonyeza nilipita kwenye mkono wake nikaona kovu la kuungua, jipya. Karabai, alisema, hakusikia. Hakusikia? Nilibonyeza, nikagusa kwa pamba, nikagusa kwa ncha ya kalamu. Kulikuwa na baka lililopauka, kubwa kama kiganja, ambalo mwenyewe hakuwa na habari nalo. Goti lilisubiri. Nilimwandikia aende kwa mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya siku hiyohiyo. Tanzania bado ni miongoni mwa nchi zinazogundua wagonjwa wapya wa ukoma kila mwaka. Dawa zake ni za bure, hunywewa miezi 6 au 12, na aliyewahi kuanza mapema hubaki na vidole vyake vyote. Daftari la mzee huyo lilikuwa na "maumivu ya goti" mara 4. Hakuna aliyekuwa na sababu ya kugusa mkono. Mchoro wa mwili mzima unampa mtu sababu hiyo.

Najua jibu nitakalopewa. Tabibu mmoja ana wagonjwa 60 kabla ya saa 8 mchana, atachora saa ngapi? Mimi nimesimama kwenye foleni hizo pande zote mbili za meza. Mgonjwa achore akiwa bado anasubiri kwenye benchi. Mhudumu wa afya ngazi ya jamii anaweza kumsaidia asiyejua kushika kalamu. Kubonyeza sehemu 10 huchukua dakika 3. Zile kurasa 9 za yule mama, pamoja na nauli za bodaboda na sindano, zilikula muda mwingi zaidi wa matabibu na fedha nyingi zaidi za nyumba ile.

Kwa hiyo nawaomba wakurugenzi wa halmashauri zetu, Mbinga Vijijini, Mbinga Mji na Nyasa, na waganga wakuu wao: chongesheni muhuri wa mwili wa binadamu, mbele na nyuma. Muhuri wa mpira, kama ule wa tarehe, unaogongwa kwenye daftari. Nunueni na mizani moja ya jikoni kwa kila zahanati. Siku moja ya mafunzo inatosha kuanza, na nitakuja kufundisha bila posho, milimani na ziwani.

Wangu nimeshauchongesha kwa fundi wa mihuri hapa mjini, ingawa mkono wa kushoto umetoka mnene kuliko wa kulia. Alhamisi nateremka nao Liuli. Nimeambiwa nisifike kabla ya saa 4, kwa sababu wanaume watakuwa wamelala baada ya kutoka ziwani na wanawake watakuwa bado wanaanika. Nitakaa chini ya mwembe hadi wamalize.